Nyuzi Tisini

Lali, mwana wa dada yangu, alinijia karakanani Langoni
na vipimo alivyoandika kwenye kiganja:
hamsini kwa ishirini na mbili, kina arubaini na tano.
Nikadhani ni kasha la Mzungu wa Shela.
Nikauliza, mvule au mbambakofi?
"Mti wowote, Mjomba, mradi upumue."

Ni la mashine,
iliyofika Lamu kipande kimoja kimoja:
prosesa kutoka Mombasa ndani ya soksi,
feni mbili za mnada, ubao mama ulioungua pembeni
akauunga kwa waya na Bismillahi.
Bati lake la zamani limeliwa na chumvi.
Hapa chumvi haibishi hodi.

"Kiwandani waliiandika gigahezi tatu na nusu," akanieleza,
"lakini inaweza zaidi. Wameifunga breki tu
kwa ajili ya watu waoga."
Basi kila usiku anaiongezea megahezi mia
na tone la volti,
kisha anaitesa saa nzima kwa hesabu zisizo na faida
aone itasimama au itaanguka.
Ikianguka, skrini huwa buluu
kama chupa ya dawa ya tumbo.

Na yote haya kwa gemu la magari.
Ijumaa atashindana na Thoya, kijana wa Muyeye kule Malindi,
ambaye picha zake hazikwami hata kwenye kona ya mvua.
Kwa Lali, mvua ikinyesha mle ndani,
magari huenda kwa vituo, kama punda wa mchanga.

Nilimcheka. Kisha nikanyamaza, maana naijua kazi hiyo.
Mimi hugonga patasi hadi mti uniambie basi,
na kila mara nataka pigo moja zaidi,
ua liinuke, kivuli kizame,
na mara moja kwa mwaka pigo hilo hupasua mlango mzima
wa mtu aliyekwisha kulipa.

Nikamchongea. Chini kimia, feni ivute baridi ya sakafu.
Juu yungiyungi la kutoboa, moto utokee hapo.
Tukaliweka chumba cha ndani, alichofia mama,
chenye ukuta wa matumbawe
ambao jua la Januari halijawahi kuumaliza.
Zidaka zilizobeba sahani zake za kauri
sasa zina nyaya, bisibisi, na bomba la dawa ya kijivu
inayopakwa baina ya prosesa na shaba,
nyembamba kama siagi ya maskini.

Usiku wa Jumatano. Yeye na kibodi, mimi na kahawa.
Nne kamili. Nyuzi sitini na nane.
Nne na mbili. Sabini na nne. Feni zinaimba puani.
Dada akaita kutoka juu: "Tokeni imebaki ya kesho tu!"
Nne na nne. Themanini, na gari likapita mvuani
laini, kama kisu ndani ya papai.
Lali akanishika mkono bila kujua amenishika.

"Yatosha," nikasema.
"Mia moja zaidi, Mjomba."
Sikubisha. Nani mimi?

Nne na nusu. Themanini na tano. Themanini na tisa,
na haipandi kwa haki, inapanda kama maziwa.
Akapunguza volti. Tisini.
Akafungua mlango. Tisini na mbili.
Akaanza Ayatul Kursi, vidole bado kwenye kibodi.
Nikainama kulitazama sanduku, pengine nimetoboa vibaya,
na juu ya yungiyungi, amelijaza lote kwa tumbo,
paka wa mtaani, yule wa manjano asiye na sikio la kushoto,
amelala usingizi wa tajiri.

Skrini ikawa buluu.

Ijumaa alicheza kwa nne na tatu.
Nani alishinda? Thoya ana lake, Lali ana lake.
Mimi nimeongeza kijibao juu ya ua, vidole vinne kwenda juu,
hewa ipite, paka apate joto lake.
Nyuzi zimezidi mbili. Lali ananung'unika.

Na ule mlango wa mteja, ulioningoja tangu Rajabu,
umebakia petali moja.
Nimeinua nyundo mara tatu leo.